Jibu la Adventina

Wanangu mliomaliza vyuo vya utabibu na sasa mnasubiri kupangiwa vituo, kuna swali mtaliuliza kila siku ya kazi yenu mpaka ulimi ulizoee: "Mama, una watoto wangapi?" Ninawaomba mliache. Mimi nililiuliza kwa miaka mingi katika zahanati ndogo huku Karagwe, na lilichangia kumuua mtu. Sitii chumvi. Na mkinivumilia mtaona kwamba kosa halikuwa la swali peke yake, na kwamba kilichofuata baada ya kifo kilikuwa kibaya kuliko kosa lenyewe.

Mimi ni mtu wa Kondoa. Nililetwa Karagwe na kazi, wakati Kyerwa bado ni sehemu ya wilaya hiihii, nikiwa afisa tabibu kijana mwenye koti jeupe lililopigwa pasi na kiburi cha kutosha watu watatu. Zahanati yetu ilikuwa ya mtu binafsi, kando ya barabara kati ya Nyaishozi na Rugu. Jina lake siliandiki, maana mwenye nayo ameshafariki na makosa nitakayoyaeleza hayakuwa yake. Ilikuwa na vyumba vinne: cha kuonea wagonjwa, cha sindano na vidonda, cha dawa, na cha kujifungulia, ambacho kilikuwa na kitanda kimoja na dirisha linalotazama migomba. Tulitibu nyumba nzimanzima. Babu mwenye pumu, mkwe mjamzito, mtoto mwenye funza, na mfugaji aliyepigwa pembe na ng'ombe wake mwenyewe, ambaye anashonwa huku anamtetea ng'ombe kwamba siku hiyo alikuwa na hasira tu.

Wagonjwa walikuja na madaftari ya shule. Daftari moja lilibeba ukoo: ukurasa wa kwanza kikohozi cha baba, wa pili kuhara kwa mtoto, na katikati hesabu za darasa la tatu ambazo mwalimu alishazisahihisha. Ninyi mtaandikia kwenye kompyuta, hongereni, lakini hata huko andikeni jina la mgonjwa mkiwa mnamtazama usoni. Mimi niliwahi kusoma ukurasa wa mjukuu nikampa bibi dozi ya mtoto wa miaka minne. Bibi alirudi baada ya siku tatu akaniambia kwa heshima zote kwamba dawa ni tamu sana ila magoti yanauma vilevile.

Mtu aliyenifundisha kazi hakuwa na cheti cha kazi hiyo. Aliitwa Paskazia, nasi tukimwita Ma Paskazia, kama wanawake wazima wanavyoitwa huku. Alikuwa mhudumu wa afya. Aliishia darasa la saba, akajifunza kuchemsha vifaa, kufunga vidonda, kupokea watoto, na zaidi ya yote kusikiliza. Kiswahili ni lugha ya pili kwa wengi huku. Nyumbani wanasema Kinyambo au Kihaya, na wakija kwa daktari hukivaa Kiswahili kama nguo ya kanisani. Wiki yangu ya kwanza aliingia bibi mmoja, akakaa, akaniambia, "Enda, daktari. Enda." Nikajua ananifukuza, labda anamtaka daktari mzee zaidi. Nikatoka nje. Ma Paskazia akanikuta nimesimama barazani, akaniuliza ninafanya nini, nikamwambia bibi amesema niende. Alicheka mpaka akashika ukuta. Enda kwao ni tumbo. Bibi wa watu alikuwa ameniambia ugonjwa wake kwa neno moja, nami nikamwachia chumba.

Tulicheka kwa mwezi mzima. Ningekuwa na akili, ningeacha kucheka mapema nikajifunza kitu pale. Mtu alinijibu sawasawa kwa lugha yake, na mimi nikasikia kile ambacho masikio yangu yalikuwa yamezoea kusikia.

Ma Paskazia alikuwa na mbinu zake. Mama akija na mtoto mgongoni, ukimwuliza habari atakwambia nzuri, na mtoto je, hajambo, na nyumbani je, salama. Kijana wa chuo ataandika kwamba mama hana malalamiko. Ma Paskazia alikuwa anasubiri. Alimaliza salamu zote, akauliza migomba, akauliza mvua, kisha akanyamaza, na katika ule unyamavu mama alisema, "Nzuri tu, ila..." Baada ya hiyo "ila" ndipo ugonjwa ulipokaa. Nimeona watoto wenye nimonia, mbavu zinaingia ndani kwa kila pumzi, ambao mama zao walishasema hawajambo mara tatu. Adabu ya huku inataka salamu ikamilike kabla ya msiba. Msiikatize, lakini macho yenu yawe yanafanya kazi wakati mdomo unasalimia.

Na mbinu hubadilika, msishikamane na za kwetu. Sisi kila homa ilikuwa malaria. Tuliwapa klorokwini watu wakajikuna usiku kucha mpaka wakaona heri homa. Vilipokuja vile vipimo vya haraka vya tone la damu, nilivikataa kwa miezi kadhaa, nikasema kidole changu kinatosha. Kumbe nusu ya waliokuwa wanapata dawa zangu za malaria hawakuwa na malaria. Ninawaambia haya ili mnijue. Sikuwa daktari mbaya kwa makusudi. Nilikuwa daktari mwenye uhakika.

Sasa nimfikie Adventina.

Alikuwa mke wa Projestus, mkulima wa migomba na kahawa upande wa Igurwa, Walutheri, watu watulivu. Alikuja kliniki ya wajawazito siku ambayo Ma Paskazia alikuwa amekwenda kuzika. Kwa kawaida Ma Paskazia alikaa nami chumbani siku za kliniki, mimi nikijaza kadi na yeye akiongea na akina mama, na mimi niliamini kwamba kazi yake ni kutafsiri tu. Adventina alijua Kiswahili vizuri, kwa hiyo sikuona tatizo. Walikuwa wanawake wengi kwenye benchi, nami nilikuwa na haraka.

Nikamsalimu, nikampima presha, nikampima kimo cha mimba. Kisha nikachukua kadi na kalamu.

"Una watoto wangapi?"

"Kaiza na Kamala, daktari."

"Kwa hiyo wawili."

Akanitazama kidogo. Ninakumbuka aliliweka vizuri begi lake mapajani. "Kaiza na Kamala," akarudia, polepole, kama mtu anayemsaidia mgeni.

Nikaandika: mimba ya tatu, watoto hai wawili. Nikamwambia ataweza kujifungulia hapahapa kwetu, hana shida yoyote. Akashukuru, akaondoka.

Sasa niwaeleze alichoniambia, maana ninyi mliotoka mbali hamwezi kujua, na mimi nilikuwa nimeishi huku miaka mitano bila kujua, jambo ambalo halina utetezi. Huku mapacha wana majina yao ambayo hakuna anayeyachagua, yanakuja na kuzaliwa kwao: Kato na Nyakato, na mengine. Anayezaliwa baada ya mapacha ni Kaiza. Anayemfuata Kaiza ni Kamala. Mtu wa huku akisikia Kaiza amesikia na mapacha waliomtangulia, hata kama hawakutajwa. Na katika nyumba nyingi nilizozijua watoto hawahesabiwi kwa namba, wanatajwa kwa majina, na waliokufa wadogo mama hawataji mbele ya mgeni, hasa akiwa na mimba nyingine tumboni. Kwa hiyo Adventina alifanya kilichowezekana. Hakuwataja mapacha, lakini aliniambia walikuwepo. Akaona sijaelewa, akaniambia tena.

Laiti ningeuliza, "Na mapacha?" angenieleza yote. Tuliyajua baadaye. Mapacha walizaliwa nyumbani, wakafa wiki ileile, na yeye alitokwa damu mpaka akazirai. Baada ya Kamala alizaa mwingine, akaishi miezi michache, na kwenye uzazi ule pia damu ilikuwa nyingi. Hii ilikuwa mimba ya tano. Kanuni tulizokuwa nazo hata wakati ule zilikuwa wazi: mimba ya tano na kuendelea, au mama aliyewahi kutokwa damu nyingi, hazalii zahanati. Anapelekwa hospitali kubwa mapema, akasubirie huko karibu na damu ya kuongezwa na karibu na chumba cha upasuaji. Adventina alistahili kwenda kwa sababu zote mbili, na kadi yangu ilisema hana hata moja.

Alirudi siku ya gulio, saa saba mchana, uchungu ukiwa umeshika. Mama mkwe wake alikuwa naye. Njia ilikuwa imefunguka karibu yote. Ma Paskazia alikuwepo siku hiyo. Alimlaza upande, akampangusa jasho, akaanza kumsemesha kwa Kinyambo kama alivyowasemesha wote. Mimi nilikuwa navaa glovu. Alimwuliza watoto nyumbani wamebaki na nani. Nilisikia lile jibu kwa mara ya tatu, Kaiza na Kamala, wamebaki na baba yao.

Ma Paskazia akaacha kupangusa. Akachukua kadi mezani, akaisoma, akanigeukia.

"Daktari, mapacha wako wapi?"

"Mapacha gani?"

Akainama, akamwuliza Adventina kitu kwa sauti ya chini, na Adventina, katikati ya uchungu, akamwambia. Ma Paskazia akaniambia kwa Kiswahili maneno machache tu, kwamba ni wa tano, na kwamba damu ilimshinda mara mbili. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaonekana tayari. Hakukuwa na pa kumpeleka.

Mtoto alitoka vizuri, wa kike, akalia mara moja. Kondo la nyuma likatoka lote, nikalikagua. Kisha damu ikaanza. Mnasomeshwa kwamba mfuko wa uzazi unapaswa kukaza na kuwa mgumu chini ya mkono wako. Wake ulikuwa laini. Nilimchoma sindano ya kuukaza, nikamkanda tumbo, nikaweka dripu mbili, nikampa vidonge tulivyokuwa navyo. Ulikaza kidogo, ukalegea tena. Niliingiza mkono ndani, nikakunja ngumi, mkono wa pili juu ya tumbo, nikaubana mfuko katikati, kama nilivyofundishwa. Ukifanya hivyo usitoe mkono. Mikono itakufa ganzi, mgongo utawaka, usitoe. Ma Paskazia alipiga simu kutafuta gari la wagonjwa. Lilikuwa upande wa Murongo, mbali. Akakimbia gulioni, akapata pikapu ya mfanyabiashara wa maharage. Magunia yakashushwa barabarani, hakuna aliyebisha.

Nilipanda naye nyuma nikiwa bado nimembana hivyohivyo, nimepiga magoti. Kitenge tulichomlaza kililowa, tukaweka kingine. Barabara mnaijua ilivyokuwa kabla ya lami. Aliongea mwanzoni. Aliomba maji, nikamwambia asubiri, jambo ambalo nalikumbuka nikinywa maji. Kisha akawa anapumua kwa haraka, mikono yake ikawa ya baridi, na kabla hatujafika nusu ya njia nikajua kwamba ninambana mtu aliyekwisha kufa. Niliendelea kubana mpaka hospitali. Sijui kwa nini. Nadhani niliogopa kutoa mkono.

Niseme wazi nilivyojisikia, maana mtajisikia hivyo siku moja, na hakuna anayefundisha. Sikulia. Nilianza kutafuta sababu. Kabla sijanawa mikono nilikuwa nimeshaanza kupanga maelezo.

Kifo cha mama mzazi kina fomu yake na kikao chake, na ni jambo jema, lisije likaondolewa. Fomu inauliza mambo yaliyochangia. Nilikaa nayo mezani asubuhi iliyofuata, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Mama hakutoa historia sahihi ya uzazi." Ma Paskazia aliingia kuchukua ufunguo wa chumba cha dawa, akaisoma akiwa amesimama. Hakupandisha sauti.

"Alikujibu, daktari," akasema.

Nikamwambia hayo ni mambo ya kitaalamu. Hayo ndiyo maneno niliyotumia kwa mwanamke aliyenifundisha kazi. Akachukua ufunguo akatoka. Kikaoni wahudumu hawakualikwa, kwa hiyo aliyejua ukweli zaidi yangu hakuwepo. Nilisoma maelezo yangu, watu wakatikisa vichwa, ikaandikwa kwamba jamii ielimishwe kutoa taarifa kamili kwa wataalamu.

Nasi tukaelimisha. Hiki ndicho kilicho kibaya kuliko kosa. Kila siku ya kliniki, kabla ya kuanza kupima, tulitoa elimu ya afya kwa akina mama pale kwenye benchi, na kwa miaka mingi mfano wetu ulikuwa mama mmoja wa upande wa Igurwa aliyemficha daktari, akafa. Jina hatukulitaja. Kijijini nani anahitaji jina? Niliusema mfano huo mwenyewe, kwa sauti ya huruma, mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Siku moja Projestus alikuwa amekaa kwenye benchi lilelile, amemleta yule mtoto wa kike kwa chanjo, kwa kuwa mama yake mzee hakuweza kutembea tena. Nilimwona nikiwa nimeshafika katikati ya maneno. Nikamalizia.

Ma Paskazia, kuanzia pale, alikuwa akitoka nje nikifika sehemu hiyo. Tuliendelea kufanya kazi pamoja miaka mingi, akanisaidia, akanisahihisha, akacheka nami siku za senene, wale panzi wanaoliwa huku, wakati wagonjwa wote wanapona ghafla kwa sababu wako vichakani wanawakamata. Lakini suala la Adventina hakulirudia. Alistaafu, akafariki, nikasimama kaburini kwake nikatoa hotuba nzuri. Nilikuwa mtu wa hotuba nzuri.

Nilibadilika kikazi. Hilo lazima niliseme pia, si kwa kujisifu. Niliacha kuuliza wangapi. Nilianza kusema, "Nitajie watoto wako, mmojammoja, kuanzia wa kwanza kabisa, na yule aliyelala." Aliyelala wanaelewa. Ukisema aliyekufa wanafunga mdomo. Kisha unaweka kalamu chini, maana kalamu inawatisha. Mama anataja, na wewe unasikiliza majina. Ukisikia Kaiza, unauliza mapacha. Nilipeleka rufaa wanawake wengi kwa njia hiyo, na wengi wao wanapita barabarani leo na watoto wao. Kwa hiyo nilikuwa najua nilichokosea. Nilitumia kosa langu kufanya kazi vizuri, huku lawama yake nimeiacha juu ya marehemu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini aliingia kijana mmoja na mkewe, mimba yao ya kwanza. Siku hizi baba anakuja hudhurio la kwanza, wapimwe wote wawili, ni jambo zuri. Kijana alikuwa mrefu, mpole, amevaa shati safi la kitambaa kizito. Walinipa shikamoo, wakakaa. Sikumtambua. Nikaweka kalamu chini kama desturi yangu, nikamwambia yule binti kwamba nitamwuliza mambo ya nyuma, asione aibu. Binti akaona aibu vilevile, akatazama chini. Mumewe akamgusa bega.

"Mwambie daktari kila kitu," akamwambia. "Usije ukaficha kama mama yangu."

Nikamwuliza jina lake. Akasema ni Kaiza, wa Projestus.

Alikuwa na miaka sita siku ile. Miaka yote hii alikuwa anajua kwamba mama yake alikufa kwa kudanganya, na aliyesema hivyo ni mimi, na sasa ananiletea mkewe nimtunze kwa sababu ananiheshimu. Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Ningeweza kuanza kuandika tu. Ninawaambia kweli, niliishika kalamu.

Kisha nikaiweka. Nikamwambia, "Mama yako hakunificha. Nilimwuliza ana watoto wangapi, akanijibu Kaiza na Kamala. Mara mbili. Mimi sikujua maana yake, na baadaye nilipojua, niliandika kwamba amedanganya."

Hakufoka. Nilitamani afoke. Mkewe alikuwa amemshika mkono wa shati. Kaiza akauliza kama baba yake anajua. Nikasema hajui. Akasema, "Basi utakuja umwambie wewe." Wakaondoka wakaenda kupimwa kwenye kituo kingine, na hawakurudi kwangu. Sikuwalaumu.

Siku ya kliniki iliyofuata nilisimama mbele ya akina mama nikasema mfano ule ulikuwa uongo, na uongo ni wangu. Wengine walielewa, wengine walidhani mzee anachoka. Nikaandika barua kwa waliohusika na ile fomu. Sijapata jibu mpaka leo, na huenda aliyeipokea alikuwa hajazaliwa kikazi wakati ule.

Jumamosi nikaenda kwa Projestus. Ta Projestus sasa, kama wanaume wazima wanavyoitwa huku, mvi kichwani, amepungua. Kaiza alikuwepo, ameegemea ukuta. Nilikaribishwa, nikapewa kiti, nikapewa kahawa ya kutafuna, salamu zote zikaisha. Kisha nikasema. Nilisema kwa kifupi, kwa sababu nilikuwa nimejiapiza nisitoe hotuba. Nilimwambia alivyojibu mkewe, alivyorudia, nilichoandika, na kwamba siku ile ya chanjo nilimwona kwenye benchi na bado nikamaliza kusema.

Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa anatazama upande wa migomba, ambako makaburi ya nyumba ile yapo. Kaburi la baba yake limejengewa kwa saruji, la mama yake pia, yana majina. Kati ya makaburi hayo na migomba kuna tuta moja la udongo, majani yamelifunika, halina hata jiwe.

"Mimi nilimkasirikia marehemu," akasema. "Nilisema, mwanamke gani anaacha watoto watatu kwa uongo. Sikumjengea. Watoto wakiuliza, niliwaambia muulizeni daktari."

Nikamwomba msamaha. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na jembe. Akaenda kwenye lile tuta, akaanza kung'oa majani, kwanza kwa jembe, kisha akaliweka kando akatumia mikono. Kaiza akamfuata, akapiga magoti upande wa pili. Nilivua koti, nikasogea ili niwasaidie.

"Wewe kaa," Ta Projestus akasema, bila kugeuka.

Nikarudi kwenye kiti. Walifanya kazi mpaka udongo wote ukaonekana, na mimi nilikaa pale nikiwatazama, koti mapajani, kwa sababu hakuniambia niondoke.